Upepo wa Wagika, Atomiki ya Wagalu

Odeta alipoteremka kwenye basi na tumbo lake la miezi minane, hakutazama nyumba, wala kaburi la mama yake pale pembeni ya migomba. Aliweka sanduku chini, akamwamkia baba yake, halafu akauliza, "Pale zahanati wameshaweka taa?"

"Karibu kwanza, mwanangu," Shimba alisema. "Kaa unywe maji."

"Maji nitakunywa. Nimeuliza taa."

"Taa ipo."

"Ile ile chemli?"

Shimba alibeba sanduku akaliingiza ndani, akakawia huko kuliko sanduku lilivyostahili. Alipotoka alimkuta binti yake amekaa kwenye kigoda, miguu imevimba mpaka viatu havivuliki, bado anamngoja.

"Ile ile," alisema.

"Basi sikiliza, baba. Nimekuja kwa sababu mtoto wa kwanza anazaliwa nyumbani, na kwa mume wangu wamenipa ruhusa kwa sababu hiyo. Lakini siwezi kuzaa pale alipofia mama huku Getruda ameng'ata chemli kwa meno. Mwezi huu ukiisha hawajaweka taa, nakwenda mjini kwa Mwanaheri, nikae karibu na hospitali."

"Kwa Mwanaheri." Shimba alilitamka jina hilo polepole, japo mwenye jina alikuwa mke wa rafiki yake. "Watu watasema nini? Binti wa Shimba amekimbia nyumba ya baba yake, akazae kwa watu baki."

"Watasema binti wa Shimba yuko hai."

Habari ya Getruda kung'ata chemli haikuwa ya kusimuliwa. Miaka miwili nyuma Kija, mke wa Shimba, alikuwa akivuja damu baada ya kujifungua mtoto aliyekwisha kufa, na yule mkunga alihitaji mikono yake yote miwili, basi taa akaishika kwa meno. Mwanga ukawa unacheza ukutani kila alipovuta pumzi. Shimba aliyaona hayo kupitia ufa wa mlango, na tangu siku ile hakupata kumsikia mkubwa yeyote akihutubia juu ya maendeleo bila ya kutafuta mahali pa kutema mate.

Isela iko mbele ya Mkolani, ukiishika barabara ya Kigongo. Zahanati yake ilijengwa na wakulima wa pamba: wao walibeba mawe, wao walichoma matofali, na siku ya kuifungua wakasimamishwa juani kuwapigia makofi watu waliofika kwa gari. Ndani mlikuwa na vitanda vitatu, kabati lenye kufuli kubwa kuliko dawa zilizomo, na hiyo chemli. Shimba alikwenda kuomba taa kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, mwanangwa akamtuma kwa karani wa mtemi, karani akamtuma bomani, bomani akaambiwa asubiri nchi ijitawale. Mei ile ya mwaka sitini na moja watu wakapewa madaraka, akarudi bomani. Kiti kilikuwa kile kile, aliyekikalia sasa ni mweusi, na jibu lilikuwa lile lile.

"Nitaitafuta taa," alimwambia binti yake.

"Umeitafuta miaka miwili, baba."

"Nitaitafuta tena. Kunywa maji."

Asubuhi yake alidandia lori la muhogo mpaka mjini, akaenda moja kwa moja Makoroboi kwa Mbaruku, mume wa Mwanaheri.

Mbaruku alikuwa fundi bati, baba yake Mmanyema na mama yake Mzinza, mtu wa kofia ya vito na ulimi mwepesi. Kazi yake ilikuwa kukata makopo ya mafuta na kuyageuza vibatari. Zamani yeye na Shimba walifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Mbaruku kwenye mabomba, Shimba kwenye tanuri akichochea moto.

"Umekuja kununua kibatari?" Mbaruku alimpokea. "Nyinyi watu wa Isela ndio mnaonilisha. Mwenyezi Mungu awazidishie giza."

"Nimekuja kutafuta kitu kitakachokuua kwa njaa."

"Basi kaa. Kitu hicho ninacho."

Akamweleza. Ng'ambo ya Busisi kulikuwa na Mzungu mmoja anafunga virago kwa kuogopa Uhuru. Alikuwa na mashine ya upepo: mlingoti wa chuma, pangaboi juu yake, na betri nane chini. Mbaruku mwenyewe ndiye aliyekuwa akiitengeneza kila ilipokorofisha. Mzungu alitaka shilingi elfu mbili na mia sita, na mwisho wa mwezi alikuwa anaondoka.

"Na upepo ukikataa kuvuma?" Shimba aliuliza. Hakuwa mtu wa kuuziwa kitu kirahisi.

"Betri zinakula mchana, zinatapika usiku. Upepo ukilala siku mbili tatu, taa inawaka. Ukilala wiki, unarudi kwangu kununua kibatari."

"Inawasha taa ngapi?"

"Nne. Usinitolee macho, nne. Si umeme wa Wahindi wa hapa mjini."

Shimba alihesabu kichwani. Chumba cha kuzalia, chumba cha wagonjwa, kibaraza, na moja ya akiba. "Nne zinatosha," alisema. "Chama cha ushirika kina mfuko wa maendeleo, elfu tatu kasoro kidogo, wametukata kwenye pamba misimu mitatu. Jumamosi kuna baraza la kuamua zifanye nini."

"Basi nitakuja niwaeleze mwenyewe. Lakini nakuomba kitu kimoja, ndugu yangu. Wewe siku hiyo usiseme."

"Nisiseme mimi? Mke aliyekufa ni wa nani?"

"Ni wako, na msiba huo kila mtu anaujua. Lakini wewe ni manju. Ukifungua mdomo tu, nusu ya kijiji wanaziba masikio. Mimi Mswahili wa mjini, sina ngoma. Niache niseme mimi."

Mbaruku alijua alichokuwa akikisema. Wasukuma wa upande ule wamegawanyika tangu enzi za babu zao katika vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu. Mavuno yakiisha wanapambana: pande zote mbili zinacheza kwa wakati mmoja, kila upande kwenye ncha yake ya uwanja, na watazamaji wanakimbilia kule kunakowavutia zaidi. Wenye watu wengi ndio washindi. Mtu anaweza kubadili dini asisemwe sana, lakini chama chake cha ngoma anazikwa nacho. Shimba alikuwa manju wa Wagika wa Isela, kiongozi wao wa kuimba, na usinga wake wa mkia wa ng'ombe ulijulikana mpaka Usagara. Manju wa Wagalu alikuwa Ngosha, askari wa zamani wa Keya, jeshi la Waingereza, aliyepigana Burma. Wawili hao walikuwa hawajakubaliana juu ya jambo lolote kwa miaka ishirini, hata juu ya mvua kama imenyesha au haijanyesha.

"Sitasema," Shimba aliahidi.

Ijumaa ile, jua likizama, gari la sinema lilifika Isela. Likaonyesha namna ya kunawa mikono, kisha namna ya kupanda pamba kwa mistari, jambo ambalo waliokuwa wakitazama walilifanya kabla aliyepiga picha hajazaliwa, na mwisho likaonyesha jumba jeupe la Ulaya, la mviringo kama yai, lisilotoa moshi. Sauti ikasema kwamba humo ndani umeme unatengenezwa kwa atomiki.

Kesho yake akaja Bwana Maendeleo, kijana aitwaye Bilali, soksi nyeupe zimevutwa mpaka magotini, ana miezi mitatu tu kwenye cheo alichoachiwa na Mzungu. Alikaa kwenye kiti mbele ya ghala la pamba. Wengine wote walikaa chini.

Mbaruku alisema wa kwanza, na alisema vizuri. Aliwaeleza habari ya pangaboi na betri, akawachekesha, akawaambia yeye ndiye atakayekosa unga taa ikiwaka. "Na hata mkitaka umeme mkubwa, wazee wangu," alisema, "Jinja pale wanauzungusha kwa maji ya ziwa hili hili mnaloogea. Maji yanapita, yanazungusha, yanakwenda zake. Upepo ni vile vile. Hakuna anayeukata kama kuni, hakuna anayeuchimba." Watu walianza kutikisa vichwa kwa kukubali. Hata Ngosha alikuwa akitikisa kichwa.

Bwana Maendeleo akasimama.

"Ndugu zangu, dunia imehama. Wenzetu wameacha kuni, wameacha makaa. Tonge moja la madini ya atomiki, kama ngumi yangu hii, linawasha Mwanza, Musoma na Bukoba mwaka mzima. Mitambo ile inataka maji ya kupozea, na sisi Mungu ametupa ziwa. Upepo? Njooni ziwani alfajiri mwone, hata jani halitikisiki. Halmashauri imefungua Mfuko wa Umeme Mkubwa. Kila chama kikitoa chake, siku atomiki ikifika, nguzo za Isela zitakuwa za kwanza. Au sisi tunaojitawala Desemba tununue pangaboi kuukuu la Mzungu anayekimbia?"

Maneno hayo ya mwisho yaliwachoma watu kidogo. Getruda, mkunga, aliinua mkono.

"Hiyo atomiki itafika lini?"

"Mipango inaendelea, mama."

"Mwaka gani?"

"Maendeleo hayana kalenda."

"Mimba inayo," Getruda alisema. "Nina wanawake kumi na mmoja mpaka Oktoba."

Watu wakacheka, na mzaha huo ulimkera Bwana Maendeleo. "Mama mkunga," alisema, "binadamu wamezaliwa gizani tangu Adamu, na bado dunia imejaa."

Mbaruku aligeuka haraka kumtazama Shimba, akamtikisia kichwa kumkataza. Lakini Shimba alikuwa amekwisha kusimama.

"Bwana Maendeleo," alisema, "mimi sikusoma. Nimechochea moto wa kiwanda cha pamba miaka kumi na moja. Kila siku nilikuwa nabeba majivu kwa toroli. Moto mdogo una majivu madogo, moto mkubwa una majivu makubwa. Sasa huo moto wenu unaowasha mikoa yote hiyo kwa tonge moja, majivu yake mnayatupa wapi?"

"Mzee, atomiki haina majivu."

"Umekwenda kutazama?"

"Mimi? Nimesoma kwenye kitabu."

"Na aliyeandika kitabu ndiye anayebeba toroli?" Sauti ya Shimba ilianza kupanda ile ngazi yake ya uwanjani, ile ambayo watu walikuwa wakiifuata kwa vigelegele. "Sitaki kuwasha Bukoba. Bukoba wana wenyewe. Nataka kitanda kimoja kionekane. Pesa za pamba ni zetu, giza ni letu, waliokufa ni wetu, na nyie mnakuja na gari kutuambia habari za mayai ya Ulaya."

Angeishia hapo huenda mambo yangekuwa mengine. Lakini nyuma yake Nkwabi, mpiga ngoma wake, alikwisha kupandwa na damu. "Manju amesema," aliita. "Upepo ni wa Wagika."

"Ni wetu," Wagika wakaitikia, kama wanavyoitikia siku zote.

Ngosha, ambaye dakika tatu zilizopita alikuwa akitikisa kichwa kukubali, aliacha kutikisa. Alisimama taratibu, akavuta kaptura yake ya Keya.

"Kama upepo ni wa Wagika," alisema, "basi atomiki ni ya Wagalu. Na niwaambie kitu. Mimi nilikuwa Burma. Vita vilikuwa vimetushinda, Mjapani hatoki shimoni. Ikatupwa atomiki moja, halafu nyingine, vikaisha. Mjapani aliomba msamaha kwa barua. Shimba anataka kupambana na dawa ya namna hiyo kwa pangaboi?"

"Hiyo ndiyo unayotaka kuiweka kando ya ziwa?" Mbaruku alijaribu kudakia. "Iliyounguza miji miwili?"

Lakini nani alikuwa bado anamsikiliza Mbaruku? Wanaume walikuwa wamesimama, wanawake wamefunga khanga viunoni, na mtu mmoja alikuwa amekwisha kwenda kuchukua ngoma. Bwana Maendeleo, ambaye alikuwa mgeni wa upande wa pwani, alifurahi kuona watu wana hamasa namna ile. Akasema wanaotaka upepo wasimame upande wa ghala, wanaotaka atomiki upande wa zahanati. Hakujua kwamba ndivyo Wasukuma wanavyoshindana ngoma. Walijipanga bila kusukumwa, mume huku, mke kule kama ndoa ilikuwa ya vyama viwili. Getruda mwenyewe, mtoto wa Wagalu, alisimama katikati, akavutwa mkono na kaka yake, akaenda upande wa atomiki akitazama chini.

Upepo ulipata watu mia mbili na tisa. Atomiki mia tatu na arobaini.

"Nilikwambia nini?" Mbaruku alimwuliza Shimba wakiwa wanasubiri basi. Shimba aliichungulia barabara. "Nimekuuliza. Nilikwambia nini?"

"Kwa hiyo nimeharibu mimi," Shimba alisema. "Si yule mtoto wa soksi."

"Yule ni mpumbavu wa kazi, analipwa kwa hilo. Wewe ulifanya bure."

Odeta alikuwa amehudhuria baraza, amekaa upande wa wanawake, na jioni ile alimpikia baba yake ugali kwa samaki. Alipokwisha kumnawisha, akasema.

"Umeona fahari."

"Nimeona nini?"

"Kusimama pale. Ulikuwa unaimba, baba. Ulianza na mama ukaishia kwenye ngoma."

"Alimtukana mama yako."

"Alitutukana wote. Getruda alimjibu kwa maneno mawili akakaa. Wewe ulitaka waitikie." Aliinuka kwa taabu, mkono kiunoni. "Mwezi umebakiza wiki mbili. Nenda kwa Ngosha."

"Kwa nani?"

"Yeye ndiye mwenyekiti wa chama cha ushirika, na Jumamosi Bwana Maendeleo anarudi kusaini. Ngosha akitaka, watu wanahesabiwa upya."

"Afadhali nimwombe chatu."

"Chatu hana watu mia tatu na arobaini," Odeta alisema, akaenda kulala.

Shimba alikaa siku tatu. Alikwenda bomani, akaambiwa Bwana Maendeleo yuko safarini. Alikwenda kwa mwanangwa, mwanangwa akamwambia mambo ya umeme si ya utemi tena, ni ya serikali, na serikali yenyewe iko katikati ya kuhama. Jumatano asubuhi alivaa shati safi akaenda kwa Ngosha.

Alimkuta akinoa shoka nje ya boma la ng'ombe. Ngosha hakumkaribisha kiti. Alimwacha asimame mpaka ng'ombe wote wakatoka, mmoja mmoja, na walikuwa wengi.

"Mwangaluka," Shimba alisema mwishowe, kwa kuwa hakuna Msukuma anayeweza kukataa salamu ya asubuhi.

"Mwangaluka. Umepotea njia?"

"Nimekuja kwako. Nina haja."

"Sema tena. Sikio hili liliharibiwa na mizinga."

"Nina haja, Ngosha." Shimba alizitazama kucha za miguu yake. "Binti yangu anataka kuniondokea. Ile mashine ulikuwa umeikubali. Nilikuona. Ulikuwa unatikisa kichwa."

"Nilikuwa naitikia nzi."

"Ulikuwa umekubali. Binti yako mdogo naye ana mimba. Yumo kwenye wale kumi na mmoja wa Getruda."

Ngosha aliacha kunoa. Alipitisha kidole gumba kwenye makali ya shoka. "Ni kweli," alisema. "Na atomiki sidhani kama nitaiona kabla sijafa. Mimi si mtoto. Lakini unataka niwaambie nini watu wangu? Kwamba Wagalu wamwage ushindi, wawafuate Wagika kwenye upepo wao? Mwaka mzima nitazomewa visimani. Msimu ujao hakuna atakayekuja kwenye uwanja wangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo upepo uache kuwa wa Wagika." Sasa alimletea kigoda, akakiweka karibu. "Wewe uhamie kwangu. Jumamosi, mbele ya watu, uvuke uwanja, unipe usinga, usimame nyuma yangu. Wagalu watakuwa wamempata Shimba na upepo wake. Watu wangu watauchagua upepo kama mateka wa vita, wanafurahi. Hesabu itakuwa mia tatu na arobaini na moja."

"Unajua unaniomba nini?"

"Aliyekuja kuomba ni wewe."

Shimba alikitazama kile kigoda. Baba yake alikuwa Mgika, babu yake Mgika. Kija alimpendea uwanjani, hakumpendea shambani, maana shambani hakuwa kitu. Na Nkwabi amempigia ngoma tangu wote wawili hawana ndevu.

"Taa nne," alisema.

"Taa nne," Ngosha alisema. "Nitasaini mimi mwenyewe."

Jumamosi walifika wote waliokuwa kwenye baraza la kwanza, kwa sababu Ngosha alikuwa ameachia uvumi kidogo. Bwana Maendeleo alifika saa nane na Land Rover, mkoba mkononi. Ngosha akamwambia kwamba wananchi wanataka kuhesabiwa upya. Bwana Maendeleo alitazama saa yake, akatabasamu, akakaa kwenye kiti chake. "Haya," alisema. "Demokrasia."

Shimba alitoka upande wa ghala peke yake. Uwanja ule haukuwa hata hatua sitini, lakini alipofika katikati alikuwa anatweta kama mtu aliyepanda mlima. Nyuma yake alisikia Wagika wakinyamaza, mmoja baada ya mwingine. Akafika mbele ya Ngosha, akamkabidhi usinga kwa mikono miwili.

"Umetuuza," sauti ya Nkwabi ilisema. Haikuwa kubwa. "Umetuuza kwa taa nne."

Shimba hakugeuka. Alikwenda akasimama nyuma ya Ngosha kama walivyokubaliana, na Ngosha akainua usinga juu, akauzungusha mara tatu. "Shimba ni wetu," aliimba. "Na upepo wake ni wetu." Wagalu wakapokea kwa kishindo kilichowatimua njiwa kwenye paa la zahanati.

Upepo ulipata mia tatu na sitini na mbili, maana hata Wagika wachache, wake zao wakiwa na matumbo, walivuka. Atomiki ilipata mia moja na themanini na saba, Wagika walioamua kwamba mradi Shimba yuko kule, wao watakuwa kinyume chake. Nkwabi alikuwa wa kwanza kwenye upande huo.

Ngosha alimwendea Bwana Maendeleo. "Umeona, bwana. Andika. Tunanunua ile mashine, Mzungu anaondoka Alhamisi."

Bwana Maendeleo alikuwa amekwisha kufunga mkoba. "Nimeona," alisema. "Ngoma nzuri sana. Lakini zile pesa zilikwishapelekwa. Chama kikuu cha ushirika kilizitoa Jumatatu kwa uamuzi wenu wa kwanza. Mimi leo nimewaletea barua ya shukrani tu."

Ngosha hakuelewa mara moja. "Zimepelekwa wapi?"

"Kwenye Mfuko wa Umeme Mkubwa."

"Zirudishwe."

"Mzee, pesa ya serikali haitembei kinyumenyume. Mnaweza kuandika maombi. Halmashauri inakutana tena Januari, baada ya Uhuru."

Shimba alisogea. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, sauti ambayo watu wa Isela hawakujua kwamba anayo. "Ulijua tangu ulipofika."

"Ndiyo."

"Ukakaa kwenye kiti ukanitazama navuka. Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza," Bwana Maendeleo alisema, na kwa kweli hakuwa na ubaya moyoni, alishangaa tu. "Nilifikiri ni mila zenu. Nisingependa kuingilia mila." Akampa Ngosha bahasha, akapanda gari.

Waliosikia maneno hayo hawakuzidi watu sita. Wengine wote walikuwa kwenye ngoma. Wagalu walikuwa wameshinda, na si ushindi wa kawaida: walikuwa wamemteka manju wa Wagika mchana kweupe. Vijana wanne walikuja mbio, wakamdaka Shimba mapajani, wakamnyanyua mabegani. Aliwaambia wamweke chini. Aliwaambia hakuna taa, hakuna kitu, wamweke chini. Walidhani anaimba, wakaitikia.

Ngosha alibaki pale kwenye kiti kitupu, bahasha mkono mmoja, usinga mkono mwingine, akiwatazama watu wake. Alifungua mdomo kuwanyamazisha, halafu akaufunga. Kisha, kwa kuwa walikuwa wanamtazama yeye, akaanza kuuzungusha usinga.

Kutoka kule juu Shimba aliona uwanja mzima. Aliona Land Rover ikipanda kuelekea barabara kuu na vumbi lake. Aliona Wagika wakitawanyika kwa makundi madogo, na Nkwabi akiwa amebeba ngoma kichwani bila kuipiga. Na aliona Odeta ametoka upande wa wanawake, mkono mmoja kiunoni, anashika njia ya nyumbani peke yake kwa mwendo ule wa bata. Ilikuwa saa kumi. Basi la mwisho la mjini lilipita saa kumi na moja na nusu, na mtu mwenye sanduku dogo angeliwahi.

"Odeta," aliita.

Mabegani walimrusha juu, wakamdaka. Akaita tena. Kule chini wanawake wa Wagalu walilipokea jina lile, wakalitia kwenye wimbo, wakalizungusha uwanja mzima kwa sauti tamu, Odeta, Odeta, mpaka yeye mwenyewe kule njiani akasimama, akasikiliza, kisha akaendelea kwenda.